Nyekundu Isiyojua Kuaga

Jumatano ilikuwa ya wanawake.
Saa saba mchana, mabuibui yamejaa ngazini,
bisi, ubuyu, watoto wa mikononi,
na Bi Zuhura wa tikiti akihesabu vichwa vyetu
kwa ncha ya kalamu, kama anayehesabu nazi.

Taa zikazima.
Na bahari ikaja nyekundu.

Sisemi kama damu. Haikuwa damu.
Ilikuwa ile nyekundu ya ndani ya kope
ukifumba macho ukalielekea jua.
Mawingu mekundu, maziwa mekundu kikombeni,
wali mwekundu, mwezi mwekundu,
na yule mwanamke asiye na jina
akishuka ngazi zisizokwisha,
kamera ikimtazama toka darini kama mjusi,
mtandio wake ukimfuata vidato vitatu nyuma
kama neno alilosahau kulisema.
Hata watoto walinyamaza.
Au nimewanyamazisha mimi, miaka hii yote.

Mamangu akaninong'oneza:
"Aliyeitengeneza hii, yuwajua msiba."

Tulipotoka, Kibokoni nzima ilikuwa kijani.
Wallahi. Kuta za chokaa, kanzu za waliotoka alasiri,
karatasi iliyofungiwa kaimati,
zote chanikiwiti, hafifu, kama jani changa la mgomba.
Macho yalikuwa yanadai deni lake.
Dada yangu Mishi akasimama katikati ya njia
akacheka mpaka mwenye mkokoteni akamtukana.

Wiki nzima tulibishana penye kamba za nguo.
Mbona mwezi mwekundu? Ni wivu, alisema mmoja.
Ni nyumba inayoungua bila moto, mwingine.
Shangazi Ruzuna alisema: ni mimba.
Akakataa kufafanua.

Juzi mpwa wangu Twahiri ameipata.
Imesafishwa, anasema, imerudishwa kama ilivyokuwa.
Akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula,
akasogeza bakuli la mbaazi.

Bahari, buluu.
Maziwa, meupe.
Kumbe palikuwa na nyasi.
Mtandio ni wa manjano, manjano ya bizari,
na ngazi, nilizihesabu, ni ishirini na sita.
Nzuri. Sikatai. Kila kitu mahali pake,
kama sebule ya watu usiowazoea.

Nikamwendea Shekue, aliyekuwa akizungusha mashine,
siku hizi anauza vipuri vya cherehani Kisauni.
Alicheka kwa pua.
"Kopi ile ilikuwa kuukuu. Imepita Bombei, Kampala, Tanga,
imelala maghalani na joto na chumvi.
Rangi hazifi pamoja. Buluu huondoka kwanza,
manjano hufuata.
Nyekundu ndiyo isiyojua kuaga."
Akapuliza vumbi kwenye bobini.
"Tajiri alitaka niirudishe siku ile ile.
Nikamwambia, ngoja Jumatano ipite."

Basi aliyejua msiba hakuwa mtu.
Lilikuwa ghala, bati lake, na mlango uliofungwa.
Mama amezikwa bila kuyajua haya,
nami sijui kama ningemwambia.

Kazi yangu mwenyewe ni rangi. Dukani, Makupa,
wateja wanataka nyeupe ya pembe, nyeupe ya maziwa,
nyeupe ya jirani lakini iliyotulia kidogo.
Nachanganya, nakoroga, naandika namba kwenye mkebe.
Ile nyekundu nimeijaribu mara kumi na moja
juu ya vifuniko. Inatoka tofali.
Inatoka lipustiki. Mara moja ilitoka vizuri
ikiwa mbichi, ikakauka ikawa mlango wa benki.

Usiku ule, Twahiri alipoifunga kompyuta yake,
niliinua uso haraka, kwa mazoea,
nikautazama ukuta.
Mweupe.
Nikapepesa macho. Nikangoja.
Twahiri akauliza kama nimeona mende.
Mweupe.