Kijiti cha Sentimita Sitini

Baba hakuacha ng'ombe wala kiwanja.
Aliacha kijiti cha mninga,
sentimita sitini kasoro unywele,
ncha zake kazivika bati la kopo la maziwa
zisilike.

Alitembea nacho miaka kumi na tisa
toka machimbo ya chokaa, nyuma ya Kahe,
hadi jukwaa la kupakilia
pale treni kubwa ya Tanga iliposimama kunywa maji.
Kila hatua tano anainama:
kijiti chini, reli hii, reli ile.
Kikiingia bila kusukumwa, anapita.
Kikikataa, anaita, "Senkondo, nyundo!"
Kikicheza, anaita kwa sauti nyingine,
na Senkondo huja mbio.

Watu wa stesheni ya Moshi waliicheka.
Njia ya mbuzi, walisema.
Kwao reli ilikuwa ile ya mita moja,
yenye daraja la pili na mapazia.
Hawakujua kwamba hata hiyo yao
kuna nchi huiita nyembamba.

Kichwa chetu kiliitwa Kifaurongo,
maana kilizimika kwenye kila kipandio,
kikatukanwa, kikapigwa teke,
kikafufuka.
Kuteremka kilibeba chokaa.
Kupanda kilibeba maisha yetu yote:
mapipa ya maji (ya kule yalikuwa machungu),
mafuta ya taa, unga, chumvi,
barua za Same zilizonuka vitunguu,
mwalimu mmoja, Elieskia,
aliyekaa wiki mbili akarudi na behewa lilelile.

Na mimi niliteremka nacho, tumboni.
Mama alilazwa juu ya magunia, usiku,
baba akitangulia na kandili
akikagua njia kwa magoti.
Moshi, hospitalini, wauguzi walishtuka:
mwanamke mweupe kuanzia nywele hadi unyayo
anayelia Kipare.
Wakamwosha kwanza.
Nilizaliwa maji yakiwa bado yanachuruzika,
meupe kama togwa.

Kufungwa hakukuwa na hotuba.
Malori yalikuja, basi.
Karani alibandua saa ya ukutani
akaondoka nayo kwapani, ikiendelea kugonga.
Halafu wakaja wa chuma chakavu na mizani yao,
wakaipima njia kwa kilo,
wao ambao hawakujua kuipima kwa upana.
Mataruma yakawa zizi la Mzee Kiangi.
Reli mbili zilivuka mfongo, zikawa daraja.
Kipande kimoja kinaning'inia shuleni;
mtoto wa zamu hukipiga kwa nati,
na baba, kila saa mbili asubuhi,
aliacha kutafuna.

Kifua chake kilikuwa kimebaki machimboni.
Alikohoa meupe hata baada ya mvua ishirini.

Fundi Ainea, pale Pasua,
aliniuliza upana wa sanduku.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kijiti.
Akakilaza kwenye futi yake, akanitazama.
"Dada, hiki kimepungua."
Nikamwambia, hata bati hulika
likisugua chuma miaka kumi na tisa.
Akakata sitini kamili.
Baba aliingia bila kusukumwa.

Sasa nalima kihamba cha mume wangu, Kibosho.
Mwezi wa tatu, ardhi ikishalowa,
nainama: kijiti chini, mstari huu, mstari ule.
Wifi yangu Aikandeny anasema
maharage yanataka hamsini,
nafuja udongo.
Najua.
Mkono haujui.

Jana mbuzi wake alikata kamba
akaingia kati ya mistari miwili,
akaifuata moja kwa moja hadi kwenye mgomba wa mwisho
bila kupinda,
akila upande wa kushoto tu.
Nilitakiwa kumfukuza.
Nikasimama na kijiti changu mkononi,
nikamwacha afike.