Deni la Joto

Walipochimba Mgelema walitaka maji ya kunywa.
Mita mia na themanini, keekee ikauma jiwe,
na kilichopanda juu kilikuwa vuguvugu,
kama chai iliyosahauliwa na mgeni.
Watu wakacheka, kisha wakanuna.
"Maji gani haya," alisema Bi Salhina, mama yangu,
"mpaka uyalaze mtungini usiku kucha
ndipo yakate kiu ya asubuhi?"
Mwezi wa pili bomba likafungwa kwa kipande cha mpira
na mbuzi wakapafanya kwao.

Mimi nilikuwa na kipimajoto cha skuli,
nilichokiazima maabara na sijakirudisha hadi leo.
Nyuzi arubaini na tatu. Alfajiri, arubaini na tatu.
Usiku wa mvua, migomba ikitetemeka,
arubaini na tatu,
bila kuni, bila idhini ya jua.

Nanyi mwaijua vuli yetu.
Karafuu na mawingu huiva siku moja.
Waanika, waanua; waanika, waanua,
mtoto upande huu wa jamvi, mke upande ule,
mpaka siku ya nne rangi imepauka,
na ulichokichuma juu ya mkarafuu, roho mkononi,
ukifikishe kituoni kiitwe mpeta.
Mwaka ule tulikausha kwa moshi wa makumbi.
Mpimaji alinusa kiganja chake, akanisukumia gunia
bila hata kuniangalia.

Basi nikauza ng'ombe.
(Sikumwambia mama; aliambiwa na kamba tupu.)
Fundi Burhani akalaza mabomba chini ya sakafu,
yakienda, yakirudi, yakienda,
mfano wa ukili unaposhonwa jamvi.
Juu yake zege, juu ya zege karafuu,
juu ya karafuu mabati,
na juu ya mabati mvua, ipige itakavyo.

"Utaunguza nyumba," walisema wa ng'ambo ya bonde.
Nikawarudishia methali yao wenyewe:
maji ya moto hayachomi nyumba.

Siku ya tatu nilichukua karafuu moja, nikaivunja.
Ikalia: ta!
Nikachukua nyingine. Ta!
Nikakaa kitako nikazivunja kama mwehu,
karibu pishi nzima ya hasara.

Mama alikuja usiku na mto wake.
Alikuwa hajasema nami tangu ng'ombe.
Akasogeza karafuu kwa mguu, akajilaza pembeni,
magoti yanayomtesa kila masika
ameyakandamiza sakafuni.
Kimya. Kisha:
"Na hili joto, wakopa kwa nani?"
Nikamweleza shimo la pili, kule kondeni,
ambako maji yakishapoa hurudi yalikotoka.
"Maji mwarudisha," akasema. "Joto je?"

Sikuwa na jibu.
Kila Ijumaa nateremka kisimani
na kipimajoto cha watu na daftari la mistari.
Arubaini na tatu, naandika kwa wino.
Arubaini na tatu.
Wiki iliyopita, arubaini na mbili na nusu.
Hiyo nimeiandika kwa penseli.