Vumbi la Wasonga

Nilimwomba Wasonga vumbi la mashine yake pale Kibuye,
lile linaloruka na cheche anapokata geti la mtu.
Akaniuliza, "Kwani lina bei?"
Nikamwambia bado.
Akalifagia mwenyewe, akalitia katika kopo la majani ya chai,
akadai shilingi hamsini. Za kopo.

Paladi huja kwa ndege, katika chupa ndogo kama ya wanja.
Gramu moja ni karo ya muhula.
Ukiimwaga, umemtoa mtoto wa mtu darasani.

Mimi nina kopo.
Nililiyeyusha vumbi kwa asidi, nikaliita tena kwa magadi makali;
likarudi jeusi, laini kuliko masizi ya sufuria.

Kijiko kimoja ndani ya maji ya njano,
njano ya bizari, ila hii haionjwi.
Dakika ya tatu inapauka.
Ya saba, naisoma saa ya ukutani kupitia chupa.

Kilichozaliwa humo ni nusu ya safari ya kidonge cha homa.
Chuma chenyewe hakimo.
Mshenga hupeleka posa, huleta jibu,
hula wali wa watu, kisha hurudi kwake peke yake.
Nyanya yangu alikuwa jagam, Seme nzima walimjua.
Kilichoisha kwake, alisema,
ni soli.

Namtoa mshenga kwa sumaku
ya spika ya redio ya baba,
ile iliyokatika katikati ya matangazo ya vifo.
Naiegemeza ubavuni mwa chupa
na weusi wote unahamia upande mmoja
kama watu wa matanga waliosikia sahani zikigongana.
Ndipo namimina maji, taratibu,
maana sinki hili linaijua njia ya ziwani kuliko mimi,
na magugu kule yamenenepa vya kutosha.

Mara ya pili. Ya tano.
Ya nane ilichelewa: dakika kumi na nne,
na njano ikagoma kutoka.
Daktari Mukhwana akaandika daftarini, *Kimechoka.*
Nami chini yake, kwa penseli: *Soli.*

Jumamosi nikarudi Kibuye na kopo lile lile.
Wasonga akataka mia.
"Si tulisema halina bei?"
"Ulisema *bado*," akajibu,
akashusha miwani,
na cheche zikaanza.