Uzito wa Funguo

"Imezimika tena, kwenye shimo lile lile,"
akasema Murtaz, mvua ya Zugdidi ikimchuruzika ukosini.
Nikaanza palipo rahisi: betri nzima,
fyuzi nzima, rilei ikigonga ulimi wake, tak.
Waya wa ardhi nikaukwangua kutu mpaka ukang'aa.
Bado.

Nikalala chali chini ya usukani wa Niva,
tochi mdomoni, taa ya kupimia mkononi.
Umeme unaingia kwenye swichi, naam, volti kumi na mbili;
upande wa pili, giza.
Nikatikisa. Ikawaka. Nikaachia. Ikafa.
Gari halidanganyi, ila husema nusunusu.

Ndipo shada la funguo liliponigonga paji la uso,
zito kama nyundo. Nikaliinua kwa kidole kimoja:
taa.
Nikalishusha: giza.
Funguo kumi na moja, zimening'inia hapo miaka yote,
zimeilegeza shaba ndani, unywele kwa unywele.

"Hizi za nini?"
"Lango. Ghala la mahindi. Chumba cha mama."
"Wapi?"
Akaelekeza kidevu ng'ambo ya mto Enguri,
asikovuka tangu vita.

Swichi mpya ni lari arobaini, nikamwambia,
lakini hizo usizitundike tena hapa.
Akauchomoa ufunguo wa gari, peke yake,
mwepesi hata ukamshangaza.
Zile nyingine akabaki nazo kiganjani,
akipapasa koti,
akitafuta mfuko usio na tundu.