Chupa Mbili za Asali

Maribor, Januari, theluji hadi dirishani.
Mwekezaji kauliza swali moja tu:
"Huyu nyuki wa nembo, ni wa nani?"

Ni wetu, nikasema. Boštjan akakohoa.

Nyuki alimchora Vesna, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
usiku ule mizani yetu ilipopima mzinga wa kwanza;
tukamlipa chupa mbili za asali.
Hati? Nani huandikiana na rafiki anayekunywa supu yako?

Na zile hesabu za mizani,
Boštjan alizianza kazini, saa ya chakula,
kwenye kompyuta ya mwajiri. Mkataba wake, ukurasa wa sita,
unadai hata ndoto zake.

Sisi tulikuwa tukigombania rangi ya kifuniko.

Nikaendesha hadi Ptuj. Vesna kaisoma hati mara mbili,
polepole, kama anayesoma talaka.
"Mngeniomba siku ile," akasema,
"ningetia sahihi kwa kipande cha mkate."

Sasa anataka asilimia mbili.
Nimepiga hesabu njia nzima. Ni haki yake.

Boštjan kaacha kazi. Anaandika upya, tangu sifuri,
kwenye kompyuta aliyonunua jana.
Risiti kaibandika ukutani,
mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.