Nguzo Mbili
(Askerwick, Lincolnshire)

Nyumba njema si mlango, tulifunzwa.
Hapa pamebaki mlango tu:
nguzo mbili za mawe, na juu ya ile ya kushoto
simba asiye na taya, kuvu imemwota kichwani.
Nyuma yake ni viazi, viazi hadi kwenye ukungu.
Naingia kila alfajiri na ndoo yangu
bila kubisha hodi.

Bibi Winifred Tupholme wa duka la posta
anasema madirisha yalikuwa mia na manne.
Mama yake ndiye aliyeyapangusa;
aliyajua kwa masizi, si kwa mandhari.
Bwana wa mwisho alikuwa na wana wawili.
Risasi ziliwala wote katika wiki moja,
kisha kodi ya mirathi ikaja
ikala risasi ya paa.
Mvua ikahamia ndani.
Ngazi ya mwaloni iliuzwa Ohio,
wanaipanda watu wasiojua ilikuwa ikielekea wapi.
Mwaka wa hamsini na mbili walileta baruti.
Mama alisimama barabarani, aproni kiunoni.
Hakulia. Aliuliza tu:
vumbi lote hilo, nani atalifuta?

Jumanne, nyuma ya trekta,
mkono wangu ulitoa topeni
kiazi cha mviringo kupita kiasi,
baridi kuliko udongo.
Nikakipangusa kwa kidole gumba.
Pembe ya ndovu.
Mpira wa ule mchezo wao wa meza ya kijani,
umegeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku,
una ufa mmoja, mwembamba kama njia ya miguu.

Mimi ni mtu wa Tabora.
Babu wa babu yangu waliitwa kwa majina ya sifa;
yeye aliitwa Frasila,
kwa mzigo alioutua pwani
na bega ambalo halikunyooka tena.
Sidai kwamba ndio huu.
Ndovu walikuwa wengi, na mabega pia.

Umeokota nini? msimamizi akapaza sauti.
Kiazi.
Kimeoza?
La, kizima.

Jioni wenzangu walipopanda gari
nilibaki nyuma, nikajifanya nafunga kamba za buti.
Nikaigonga nguzo kwa mpira ule.
Hodi.
Kunguru mmoja akahama tawi.
Hodi.
Simba akatazama Lincoln.
Hodi.

Ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake.
Nikaenda zangu,
mfuko wa kulia mzito kuliko wa kushoto.