Saa Thelathini na Moja

Barua imekuja na mhuri wa buluu.
Naisoma jikoni, uji unachemka,
mkono mmoja mwiko, mkono mmoja jina langu:
Shekue Athmani Mbwarali, mhasibu.
Saa za mafunzo: tisa kati ya arobaini.
Aidha, hesabu tatu zimetiwa saini
baada ya leseni kufa.

Kufa. Ndivyo walivyoandika.
Kana kwamba ilizikwa mahali
na mimi sikwenda kuhani.

Mamangu akagonga kitanda.
Kugonga mara moja ni maji,
mara mbili ni choo,
mara tatu ni njoo tu ukae.
Aligonga mbili. Barua ikangoja.

Kiharusi kilimkuta Februari, Tudor, ghorofa ya tatu,
nyumba isiyo na lifti.
Kila kliniki tunamteremsha mimi na Kadzo
ngazi arobaini na nne, nimezihesabu,
kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Semina zilikuwa Nyali, siku nzima, hotelini,
chai ya saa nne na vijitabu vya bure.
Nikajaribu zile za simuni.
Mkufunzi akakatiza somo la kodi:
"Ndugu Shekue, maikrofoni yako i wazi,
tunasikia mtu anakoroma."
Watu mia wakacheka.
Nikaona haya kusema si mimi.

Na zile saini?
Duka la mabati Makupa. Shule ya chekechea.
Chama cha akiba cha kina mama wa Likoni,
benki iliwataka hesabu kabla ya Ijumaa.
Ningependa kusema niliwahurumia.
Niliwahurumia. Na nilihitaji elfu kumi na nane,
kwani dawa ya deni ni kulipa,
lakini deni la dawa
halina dawa.

Kamati ilishuka na treni ya asubuhi.
Chumba cha Barabara ya Nkrumah, feni moja,
watu watatu, birauli tatu za maji.
Bi. Kavata, mwenyekiti, akavua miwani:
"Una lolote la kujitetea?"

Mkobani nilikuwa na daftari.
Kushoto kinachoingia: uji, maji, vidonge, saa yake.
Kulia kinachotoka, kwa mililita.
Miezi kumi, kila usiku nimelinganisha,
sijapotewa na tone.
Nilikusudia kuliweka mezani,
niwaambie: mafunzo yangu haya, yahesabuni.

Vidole vikaligusa. Nikamkumbuka mamangu
enzi alizoshika kisanduku cha chama cha maziko, Kibokoni.
Mwanamke akija mikono mitupu, na kisa,
mamangu alikisikiliza hadi mwisho,
akammiminia kahawa, akalia naye kwa kweli,
kisha akalamba ncha ya penseli
na kuandika: *hajatoa*.
Machozi yana kikombe chake,
daftari lina mstari wake.

Nikafunga zipu.
"Nilijua imekwisha," nikasema. "Nikatia saini."

Miezi sita nje. Faini.
Saa zote thelathini na moja nizilipe.
Katibu akapiga mhuri, ule ule wa buluu.
Bi. Kavata alikuwa akikusanya karatasi,
akauliza bila kuinua uso:
"Nani yuko na mama sasa?"
"Kadzo. Mpaka saa nane."
"Ni saa saba na nusu. Nenda."

Nilikwenda.
Ngazi arobaini na nne, safari hii mikono mitupu,
na zilikuwa nzito zaidi.
Mamangu akanitazama kola, tai, viatu vya rangi,
akagonga tatu.
Nikakaa.

Sasa ni usiku. Kushoto: uji kikombe kimoja, vidonge vinne.
Kulia yaliyo kulia.
Nimefungua somo la kwanza simuni,
Maadili ya Taaluma, saa mbili.
Mamangu anakoroma.
Maikrofoni nimeizima.

Zimebaki ishirini na tisa.